Kisanduku cha "Wenyewe Wanapaitaje"

Jumatatu, 4 Machi
Chumba cha simu, kampuni ya lifti

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta salama, wewe na mdogo wako. Naiandika kwa mkono, na mwandiko wangu unaujua, kwa hiyo kaa karibu na dirisha. Tangu ustaafu nimekupigia mara nne, kila mara nikisahau kwamba ulikula kiapo. Siku ya kukuaga ulivua vile vipokea sauti vya masikioni, ukaviweka mezani, ukasema umeshapokea simu za maisha mawili na anayekutaka akuandikie. Sisi tukacheka. Mdogo wako ndiye aliyeniambia kwamba hukuwa unatania, kwamba simu ikiita unatoka nje kuangalia nguo kambani hata siku ambayo hakuna nguo.

Huku hatujambo. Taratibu ndiye anayekaa kwenye kiti chako, na anaongea na waliokwama kwa ile sauti yake ya polepole mpaka nadhani wengine husinzia mle ndani. Fundi Mrefu bado anagonga kichwa kwenye mlango wa stoo. Meneja ana miwani mipya na anatutazama juu yake badala ya kutazama ndani yake.

Jumamosi tuliiboresha programu ya huduma. Ni toleo jipya kabisa. Unakumbuka ile ya zamani ilivyokuwa ikizunguka na mtu anakusubiri kwenye simu? Hii inafunguka upesi, rangi zake zinapendeza, na meneja anaionyesha kwa kila mgeni. Kazi nzima niliifanya mimi, na saa nane mchana nilikuwa nimeshamaliza. Sasa napanga fomu za kutafutia. Fomu iliyokuja na toleo jipya ina visanduku vinne: namba ya lifti, jina la mteja, tarehe, hali ya kazi. Ni safi sana.

Ila wewe unajua kwamba mtu aliyekwama hana hata kimoja kati ya hivyo. Lifti zetu nyingi ni za zamani. Kitufe chake cha dharura kinaita kwetu lakini hakisemi kimebonyezwa wapi, na aliye gizani hakupi namba ya lifti, anakuambia yuko kwenye jengo lenye saa iliyosimama. Ndiyo maana uliweka kile kisanduku chako cha "Wenyewe wanapaitaje", ambapo ukiandika "saa iliyosimama" jengo linatokea na namba zake zote.

Basi nilitaka kukuuliza mambo mawili. Kisanduku kile kilianzaje? Na lile daftari lako jekundu, ulilokuwa ukiandika majina ya watu kabla ya kuyaingiza kwenye kompyuta, bado unalo?

Nauliza tu.

Wako,
Bonyeza


Jumatatu, 11 Machi

Bonyeza mwanangu,

Marahaba. Barua imefika na doa la chai, nikajua ni yako kweli. Naona na jina nililokupa bado unalitumia. Ulijitakia mwenyewe. Kila mtu akikuletea shida ya kompyuta, hata awe analia, jibu lako ni "bonyeza hapa".

Mimi ni mzima. Mdogo wangu anashona sare za shule, na mimi natia vifungo. Nimekuja kuvipenda. Kifungo hakilii, hakikutukani, na mpaka leo hakuna hata kimoja kilichoniuliza kama fundi yuko njiani.

Kumbe siku hizi unaboresha programu nzima peke yako. Nakumbuka siku yako ya kwanza, miaka minne iliyopita. Ulikaa ukingoni mwa kiti, badala ya kutazama kompyuta uliyoitiwa ukawa unanitazama mdomo nikiongea na simu. Nikasema moyoni, huyu hatamaliza mwezi. Leo nakuomba radhi.

Daftari sinalo, yaani ninalo na sinalo. Lilikuwa la kurasa pana na ngumu, na mdogo wangu alikuwa anahangaika kupata karatasi za kupimia sare kabla ya kukata kitambaa. Nikamwambia chukua, kila kitu kipo kwenye kompyuta, kata tu. Kwa hiyo sasa mkono wa shati la darasa la pili umeandikwa "samaki wa kioo", na kola moja inasema "kwa daktari wa meno, wa juu, siyo wa chini".

Umeuliza kisanduku kilianzaje. Hapo ofisini sijawahi kumwambia mtu, kwa sababu si habari ya kujisifia. Ni miaka kumi na minane sasa. Mchana mmoja umeme ulikatika mji mzima, jenereta yetu ikawaka, na simu zikamiminika. Moja ilikuwa ya mtoto wa kike, yuko peke yake kwenye lifti. Nikamuuliza jengo gani, hajui. Kuna kibao chenye namba? Giza. Nikamwambia, basi niambie chochote unachokijua. Akavuta pumzi akasema, "Hapa kuna harufu ya mkate."

Nilitafuta kwa jina la mteja, nikatafuta kwa mtaa. Programu haikuwa na mahali pa kuandika harufu. Ikabidi niwapigie mafundi mmoja mmoja, nani anakumbuka jengo lenye bekari chini yake. Fundi Mrefu, wakati huo ana mwaka mmoja kazini, akakumbuka matatu na kuyazunguka yote kwa baiskeli. Lilikuwa la tatu. Dakika hamsini, Bonyeza. Mtoto alikaa gizani dakika hamsini kwa sababu sikuwa na mahali pa kuandika neno "mkate".

Wiki ile ile nikamwendea aliyekuwa fundi wa kompyuta kabla yako, nikamwambia siondoki mlangoni kwake bila kisanduku. Akanipa. Baada ya hapo, kila aliyekwama nilimuuliza, nyinyi wenyewe hapo mnapaitaje?

Sikumuuliza yule mtoto jina. Fundi Mrefu alimkabidhi kwa mama yake akakimbilia jengo jingine. Sijui alikua mtu wa namna gani. Huwa nawaza kwamba mpaka leo, mahali fulani, kuna mwanamke anayepanda ngazi kwa miguu kwa ajili yangu.

Basi ndivyo kilivyoanza. Msalimie Taratibu. Mwambie anywe maji, sauti ile itakauka.

Shangazi


Jumatatu, 25 Machi

Bonyeza,

Wiki mbili, kimya. Posta si ya kulaumu, maana mdogo wangu amepokea hata kalenda asiyoiomba.

Nimeirudia barua yako. Umesema fomu "ni safi sana". Umesema "nauliza tu". Mwanangu, nimekaa miaka ishirini na sita nikisikiliza watu walionaswa wakiniambia hawaogopi, na aliyenihakikishia kwa upole zaidi ndiye aliyekuwa anatetemeka. Mtu hamwandikii mstaafu kumuuliza habari za daftari kuukuu hivi hivi.

Nadhani meneja amekifuta kile kisanduku. Hakuwahi kukipenda. Siku moja aliniambia mbele ya wageni kwamba harufu ya samaki si anwani. Kama ndivyo, niambie, sitalia. Na kama alikulazimisha ukifute wewe, sikulaumu, mkubwa ni mkubwa. Lakini usinyamaze. Anayelia kwenye simu hanitishi, anayenyamaza ndiye anayenitisha.

Nakuambia nilichokuwa nawaambia wao: niko hapa, siendi popote.

Shangazi


Alhamisi, 28 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Meneja hana kosa. Ni mimi.

Jumamosi ile, programu ilipokuwa inajiboresha, ilisimama ikaniuliza swali moja: nibaki na fomu zetu za zamani, au nichukue mpya? Chini ya swali kulikuwa na maelezo marefu. Sikuyasoma. Nilikuwa na njaa, Fundi Mrefu alikuwa ameshaniletea chakula kinapoa, na nilitaka nimalize mapema ili watu waseme. Nikabonyeza "mpya". Mimi, ninayewaambia watu kila siku soma kwanza.

Jumatatu Taratibu akafungua fomu akauliza, kile cha Shangazi kiko wapi? Nikamwambia kinakuja. Nikaanza kukitafuta. Programu ina orodha ya visanduku vyake vyote, mia mbili na ushee, na nimeipitia mara tatu nikitafuta "Wenyewe wanapaitaje" neno kwa neno. Hakipo. Ile fomu mpya ina pia mstari wa juu wa kutafuta kila kitu, nikaandika "saa iliyosimama". Ikanijibu hakuna kilichopatikana. Miaka kumi na minane ya majina, hakuna kilichopatikana.

Nakala ya zamani ipo, lakini kuirudisha ni kurudisha programu nzima nyuma, na simu zote zilizoingia tangu siku ile zitapotea. Meneja amekataa, na kwa hilo ana haki. Amenipa mpaka tarehe kumi na tano Aprili. Baada ya hapo chumba cha simu kitauliza namba iliyo kwenye kibandiko cha lifti, basi. Vibandiko vyenyewe unavijua, nusu vimeshabanduliwa na gizani hakuna anayevisoma.

Juzi mwanamke mmoja alikaa dakika thelathini na tano. Alikuwa anasema yuko kwa daktari wa meno, wa juu. Barua yako yenye ile kola ilikuwa mfukoni mwangu lakini kola yenyewe haikusema ni mtaa gani, au wewe hukuninukulia. Alipotolewa Taratibu alinitazama tu. Angenitukana ningeshukuru.

Nilipokuuliza habari za daftari nilitaka niyaingize majina upya kabla hujajua. Ukanijibu kwamba limekuwa mikono ya mashati, na ukanisimulia habari ya yule mtoto. Barua ile niliisoma nimekaa kwenye ngazi za stoo, nikairudia, nikashindwa kushika kalamu kwa siku nyingi. Kuhusu yule mtoto nina neno la kukuambia, lakini siwezi kulisema nikiwa nimekupotezea kazi yako. Leo ni la msamaha peke yake.

Nisamehe.

Bonyeza


Jumatano, 3 Aprili

Mwanangu,

Kwanza, kula. Huwa huli ukiwa na kosa, nakujua.

Nilikuwa na methali moja ya haraka na baraka, nimeimeza, maana naona umeshajisomea mwenyewe. Nimekusamehe kabla sijafika mwisho wa ukurasa. Mimi mwenyewe niliwahi kumpeleka fundi upande mwingine wa mji kwa sababu nilimsikiliza aliyepiga kelele zaidi. Kukosea ni sehemu ya kukaa kwenye kiti kile. Ulichonikosea hasa ni kunificha wiki tatu, na hilo nitakusamehe ukija kunisaidia vifungo.

Nilipomsomea mdogo wangu barua yako aliiacha cherehani katikati ya mshono, na hilo hata mvua ya kuvuja juu ya kichwa chake haijawahi kumfanya alifanye. Tukamwaga boksi lote sakafuni. Ndani ya bahasha hii kuna mikono ishirini na miwili, kola tisa, mifuko sita, na mgongo mmoja wa darasa la nne. Amesema uvichukue vyote, yeye atakata vingine kwa karatasi za mifuko ya saruji. Mitaa imeandikwa pembeni mwa majina, pale mkasi ulipoihurumia. Mengine yamekatwa katikati. Kuna "jengo lenye ngazi za bu", na tumekaa jioni nzima tukibishana kama ni buluu au bustani. Si vyote, labda robo. Lakini robo si haba.

Pili, na hili lisome polepole. Umesema ulikitafuta kisanduku kwa jina lake. Lile si jina lake. Aliyekuwa fundi wa kompyuta hakuniundia kitu kipya. Alisema programu ilikuja na visanduku vya akiba ambavyo hakuna anayevitumia, akachukua kimoja akakibandikia jina langu juu. Nakumbuka kwa sababu nilimuuliza, na jina likibanduka je? Akacheka akasema chini yake kitabaki kuwa Akiba 3. Mimi si mtaalamu, usije ukanicheka. Lakini sare iliyopoteza kibandiko cha jina haijapotea, bado iko kwenye kamba inamngoja mwenyewe. Kama lile jina lilikuwa kwenye fomu, na fomu ndiyo uliyoibadilisha, basi wewe tafuta Akiba 3.

Tatu, la yule mtoto. Utaniambia nisijilaumu. Mdogo wangu huniambia hivyo hivyo. Sema ukiwa tayari, nitasikiliza.

Shangazi


Jumanne, 16 Aprili

Shangazi,

Shikamoo, na kaa chini. Barua hii ni ndefu.

Akiba 3.

Ipo. Ilikuwa kwenye orodha ile ile niliyoipitia mara tatu, kati ya Akiba 2 na Akiba 4, na mimi naviruka vyote nikijua ni vitupu. Nilipoifungua majina yakashuka mpaka mwisho wa skrini na kuendelea. Elfu moja mia tatu na kumi na sita. Hakuna hata moja lililopotea. Ni fomu tu iliyokuwa haijaambiwa iyaonyeshe, na ule mstari wa juu wa kutafuta nao husoma kile ambacho fomu imeruhusiwa kusoma. Nilikaa nikashika kichwa, nikacheka, Taratibu akaja kuona kama niko mzima.

Kwa njia, si buluu wala bustani. Ni jengo lenye ngazi za bundi. Umeandika kwamba ana kiota ghorofa ya nne na watu wa pale wamemzoea.

Basi nikakiweka kisanduku kwenye fomu, juu kabisa, nikakirudishia jina lake, nikakitilia tiki ya kutafutika. Neno la kwanza halikutoa kitu. Kumbe toleo jipya linatafuta maneno yaliyo sawasawa kabisa na uliyoandika, herufi kwa herufi, kana kwamba mtu aliyekwama atakariri sentensi yako. Nikaligeuza litafute chochote chenye neno hilo ndani yake. Likakubali. Nikajaribu saa, nikajaribu samaki, nikajaribu bundi. Jumatano nikawatangazia wote kwamba kimerudi. Vile vipande vyako nilikuwa nimeshavipanga kwenye kamba ukutani, juu ya meza ya Taratibu. Sikuwa navihitaji tena, nilivitundika kwa sababu vimetoka kwako.

Alhamisi asubuhi ikaingia simu ya mzee mmoja aliyekwama na dawa zake za moyo mfukoni, na anatakiwa kuzimeza kwa maji. Akasema yuko kwenye jengo la samaki wa kioo. Taratibu akafungua fomu akaona visanduku vinne. Akaniita. Nikaangalia kwenye kompyuta yangu, kisanduku kiko pale kinanitazama. Nikamwambia kipo. Akasema hakipo. Nikamwambia Taratibu, mbona mimi nakiona? Shangazi, tulikuwa tunabishana na mzee yuko kwenye simu. Kisha Taratibu akainua macho ukutani. Mkono wa shati, darasa la pili, kushoto: "Samaki wa kioo, mlango wa nyuma wa soko la vitambaa, ghorofa nane." Fundi Mrefu alikuwa pale baada ya dakika kumi na moja, na alibeba chupa ya maji.

Nilipokwenda kutazama nikaona nilichokifanya. Fomu mpya zinagawiwa kwa makundi, na ile niliyoitengeneza nilikuwa nimeigawia kundi moja tu, la wasimamizi. Kundi hilo lina mtu mmoja, naye ni mimi. Nilijaribu kila kitu nikiwa nimekaa kwenye kiti changu. Siku hiyo hiyo nikakaa kwenye kiti chako, nikaingia kwa jina la Taratibu, nikaijaribu upya mbele yake. Sasa inaonekana kwake, kwa wa zamu nyingine, na kwa mafundi kwenye simu zao. Nimejifunza kwamba fomu haijakamilika mpaka uione kwa macho ya anayeitumia.

Jana ilikuwa tarehe kumi na tano. Meneja alikuja mwenyewe, akavua miwani, akaandika "samaki". Jengo likatokea. Kisha akasema lifti mpya haitasajiliwa tena kwetu mpaka kisanduku hiki kijazwe. Alipokuwa anatoka akaangalia ukutani akauliza kama ule mkono wa shati unaweza kubaki pale pale. Nimekuandikia hilo neno kwa neno ili ulifurahie.

Sasa neno langu.

Lile neno la kwanza nililoliandika, ambalo kisanduku kililikataa halafu kikalikubali, lilikuwa "mkate". Likaja jengo moja. Umeandika hivi: "Harufu ya mkate. Mtoto wa kike, peke yake. Dakika hamsini. Ni nyingi mno." Ni ya kwanza kabisa kati ya zote elfu moja na kitu.

Shangazi, mama yangu alikuwa anafagia ofisi za ghorofa ya sita kwenye jengo lile. Siku hiyo nilitoka shule kumfuata anipe funguo za nyumbani. Nilikuwa na miaka tisa. Umeme ulipokatika nilibonyeza kila kitufe mpaka kimoja kikaongea. Ukasema, "Niko hapa, siendi popote." Nikawa nalia, ukaniambia tuhesabu jedwali la saba pamoja. Tulipofika saba mara nane ukasema hamsini na nne. Nikanyamaza kulia. Nikakuambia si hamsini na nne, ni hamsini na sita. Ukasema una hakika. Tukabishana, na nilikasirika sana kwamba mtu mzima hajui, mpaka giza nikalisahau. Mlango ulipofunguliwa nilikuwa bado nakueleza, na yule fundi mrefu aliyenitoa akashangaa.

Miaka yote hii nimejua kwamba ulikosea makusudi ili ninyamaze kulia. Nimewasimulia watu wengi habari hiyo, ila wewe.

Niliomba kazi hapa kwa ajili ya sauti ile. Siku ya kwanza, nilipokuwa nakutazama mdomo, nilikuwa namtazama mtu ambaye nilikuwa sijawahi kumwona. Nikataka kukuambia saa ile ile, nikaona haya. Nikasema nitamwambia nikishakuwa mtu wa maana. Miaka ikapita, na neno likikaa sana huwa zito. Kisha nikabonyeza bila kusoma, nikaamini nimefuta kitu ulichokitengeneza kwa sababu yangu. Ndiyo maana kalamu ilinishinda.

Wewe umehesabu dakika hamsini. Mimi sikujua ni ngapi mpaka nilipoziona kwenye rekodi. Ninachokumbuka ni kwamba hukukata simu.

Na lifti napanda, Shangazi. Kila siku, mpaka juu. Asante.

Bonyeza


Jumatano, 24 Aprili

Mwanangu,

Nilisoma barua yako, kisha nikampa mdogo wangu anisomee kwa sauti, nikidhani macho yananichezea. Hayakuwa yananichezea. Tulilia wote wawili, na siku hiyo hakuna kifungo kilichotiwa. Wa darasa la tatu watatusamehe.

Sasa lazima nikuambie ukweli, hata kama utaniharibia sifa kwa hao watu uliowasimulia. Sikukosea makusudi. Nilidhani kabisa kwamba ni hamsini na nne. Sikio moja nilikuwa na wewe, jingine na mafundi, na kalamu ilikuwa imeshaangukia chini ya meza. Uliponibishia kwa ukali vile nikasema moyoni, huyu hajazimia, huyu anapigana, basi na mimi nisizimie. Wewe ulidhani nimekushika, kumbe ni wewe uliyenishika. Jioni nilimuuliza mdogo wangu saba mara nane ni ngapi. Akaniambia mtoto yuko sahihi.

Miaka kumi na minane nimekuwa nikikuhesabia dakika, na hesabu yenyewe siijui.

Nakushukuru kwamba ulikuja, ukakaa ukingoni mwa kile kiti, ukadumu. Nakushukuru kwa bundi. Mwambie Fundi Mrefu ni nani aliyemtoa kwenye lifti siku ile, halafu uniandikie uso wake ulikuwaje, na kama amegonga kichwa. Na unapanda lifti. Neno hilo nimelisoma mara nyingi kuliko yote.

Mdogo wangu ameshangaa kwamba leo asubuhi simu imeita na sikutoka nje. Jumapili, saa nne asubuhi, piga kwenye namba yake. Nitapokea mwenyewe. Nina mengi ya kukuambia, na kwa mara ya kwanza nataka kuyasema kwa mdomo.

Ila safari hii, mwanangu, uanze kwa kuniambia uko wapi.

Shangazi